Sentimita 60 kando ya stesheni: kazi ya fundi wa modeli wa Gerezani

Kwa miezi minane upande wa kushoto wa stesheni yangu ya modeli, ile ya treni ndogo za mezani, ulikaa mtupu. Stesheni yenyewe ilikuwa imesimama, jukwaa limekwisha, njia kuu na njia ya kupishania zimelazwa na kokoto zake zimeganda. Lakini kutoka ukuta wa stesheni hadi pembe ya meza palibaki ubao wa sentimita 60 kwa 35, uliopakwa rangi ya udongo tu, na kila aliyeingia chumbani jicho lake lilikwenda pale kwanza. Wajukuu wangu walipafanya maegesho ya magari yao ya plastiki. Sikuwakataza, maana sikuwa na cha kuwaambia kwamba wanakiharibu.

Sasa pamejaa, na aliyepajaza ni fundi mmoja wa Gerezani anayeishi kwa kutengeneza modeli za majengo kwa ajili ya wachora ramani na wauza viwanja. Ameniomba nisiandike jina lake wala namba yake, kwa sababu yuko na kijana mmoja tu wa kumsaidia na oda alizonazo zinamtosha. Ila kazi yake nitaieleza, pamoja na niliyoyapenda na yaliyoniudhi, ili mwenye reli ndogo nyumbani, au mwalimu anayetaka modeli ya darasani, ajue cha kumdai fundi wa aina hii hapa Dar.

Kwanza nieleze nilichokuwa natafuta. Baba yangu alikuwa stesheni masta Kimamba, kwenye Reli ya Kati, kati ya Morogoro na Kilosa. Alianza kazi chini ya Reli ya Afrika Mashariki, na shirika hilo lilipovunjika mwaka 1977 akaendelea chini ya Shirika la Reli Tanzania. Tulikaa kota za reli, na utoto wangu wote ulikuwa kwenye eneo lile kando ya stesheni: godauni la mkonge, mwembe mkubwa, mstari wa mijohoro, na kipande cha reli kilichoning'inizwa mtini ambacho kiligongwa kuwajulisha watu kwamba treni inakaribia. Nimefundisha shule ya msingi miaka 34. Nilipostaafu, na kijana wangu wa mwisho akahama, chumba chake hapa Tabata nikakifanya Kimamba.

Skeli yangu ni 1:87, yaani kila kitu ni kidogo mara 87 kuliko cha kweli, ile inayoitwa HO, yenye reli ya upana wa milimita 16.5. Zidisha 16.5 kwa 87 utapata milimita 1,435, na hicho ndicho kipimo cha SGR, ile reli mpya ya kisasa. Reli ya baba ilikuwa ya mita moja, ambayo kwa skeli hii ingetakiwa iwe na upana wa milimita 11.5. Wanaotaka usahihi hununua reli ya milimita 12, inayoitwa HOm. Mimi vichwa vya treni na mabehewa yangu yalikuja na mdogo wangu kutoka Ujerumani, yote ya 16.5, kwa hiyo nimekubali kwamba reli yangu ni pana kuliko ilivyokuwa. Kitu ambacho sikuwa tayari kukikubali ni kuikosea sura ya Kimamba yenyewe.

Na sura hiyo niliikosea. Nafasi ile ilipoanza kunikera niliagiza seti mbili za nyumba za kuunga za Ulaya, za plastiki. Ufundi wake ni mzuri kwelikweli: madirisha yana vipande vyake, matofali yanaonekana moja moja. Lakini ni nyumba za watu wa milimani, mapaa yamesimama wima ili theluji iteleze, na kando ya mlango kuna rundo la kuni za kuotea moto. Nilizipanga pale wiki mbili. Stesheni ikawa si Kimamba tena, wala haikuwa mahali pengine ninapopajua. Nikaziondoa, na ubao ukarudi mtupu.

Niliyefundishana naye zamani ndiye aliyeniambia kuhusu fundi. Kutoka stesheni ya zamani ya Reli ya Kati pale mjini hadi kwake ni mwendo wa dakika kama kumi na tano kwa miguu. Karakana ni chumba kimoja: mashine ya leza ya kukatia mbao za MDF (zile za nyuzi za mbao zilizobanwa kwa gundi) na plastiki ngumu ya akriliki, meza ya kupaka rangi karibu na dirisha, na ukutani modeli ya ghorofa ambalo mwenyewe hakurudi kulichukua. Nilifika na picha tatu za zamani, mchoro nilioupiga kwa rula, na orodha: godauni, kota mbili, duka, msikiti mdogo, tenki la maji, kituo cha basi. Vyote viingie kwenye sentimita 60 kwa 35.

Alisoma orodha yote kwa utulivu. Kisha akaniuliza, "Mwalimu, treni ikifika, watu wanasimama wapi?"

Sikuwa na jibu la haraka. Akachukua karatasi akapiga hesabu mbele yangu: sentimita 60 mara 87 ni mita 52, na 35 mara 87 ni mita 30. Nikaona kwa macho ya kazi yangu ya zamani: hapo zinaingia korti tatu za netiboli zilizolala ubavu kwa ubavu, na unabaki na ukanda wa kupita. Ni eneo kubwa kidogo, lakini ukiweka majengo yote hayo humo linakuwa soko la Kariakoo. Kimamba haikuwa hivyo. Ilikuwa na uwazi, na uwazi ule ulikuwa na kazi yake. Abiria walikaa pale na mizigo tangu saa tisa usiku wakisubiri treni iliyochelewa. Mama yangu alikaa pale na beseni la maandazi na birika la chai.

Kwa hiyo tulifuta vitu vinne kwenye orodha, na hilo ndilo jambo la kwanza ninalompongezea fundi huyu. Kila jengo nililolifuta lilikuwa pesa anayoikosa. Wengine wangeandika oda yote wakachukua advansi.

Tulibaki na godauni upande wa nyuma, mwembe karibu na katikati, kibanda kimoja, mijohoro mitatu, na udongo. Alipendekeza godauni lisiwe zima. Kwa kuwa nyuma yake ni ukuta wa chumba, alikata uso wake tu na kina cha sentimita 4, kana kwamba jengo limeingia ukutani. Urefu ni sentimita 30, sawa na mita 26 za kweli. Ukilitazama kutoka mbele huoni kwamba nusu yake haipo, na limeniachia udongo wa kutosha mbele. Akaligeuza kidogo pia, lisiwe sambamba na ukingo wa meza. Nilimbishia, maana nilizoea kupanga madawati kwa mstari. Akaliweka sambamba, akaniambia nitoke nje nirudi. Kisha akaligeuza, akanitoa tena. Mara ya pili nilipoingia macho yangu yalifuata godauni hadi kwenye mwembe, kutoka mwembe hadi jukwaani. Mara ya kwanza yalikuwa yameishia kwenye ukingo wa meza.

Bati la paa ndilo lililoniaminisha kwamba nimepata fundi. Bati la kawaida la migongo lina milimita 76 kutoka mgongo hadi mgongo. Kwa skeli ya 1:87 hiyo ni chini kidogo ya milimita moja. Plastiki ya migongo inayouzwa kwa ajili ya modeli za majengo ni nene mno, ukiiweka inaonekana kama vigae vikubwa. Yeye alichora mifereji kwa leza juu ya kipande cha akriliki, akalaza juu yake foili nene ya vyombo vya kubebea chakula, akaipitisha kalamu iliyokwisha wino mfereji kwa mfereji. Kisha akaikata vipande vya ukubwa wa bati moja moja na kuvipandisha juu ya kingo kama anavyoezeka fundi wa kweli, akianzia chini. Vipande vitatu amevipinda pembeni kidogo. Kutu ameipiga kwa rangi ya kahawia iliyokorogwa na unga wa chokaa ili isimetemete.

Hapo ndipo palikuwa na kosa lake kubwa pia. Godauni la kwanza alilonionyesha lilikuwa zuri, lakini nilipokuja na mtu wangu mmoja wa plastiki na kumsimamisha mlangoni, kichwa kiligusa fremu. Nikapima. Mlango wa mita mbili ulitakiwa uwe na milimita 23, wake ulikuwa na 20. Alikuwa amekata jengo zima kwa 1:100, kwa sababu ndiyo skeli ambayo wachora ramani humletea kila siku, na mkono ulikwenda kwenye mazoea. Nilikuwa nimeandika 1:87 juu ya mchoro kwa wino mwekundu. Hakubishana wala hakuniambia tofauti ni ndogo. Alisema, "Nimekosa, mama, nalirudia," na akalirudia bila kuniongezea hata shilingi. Ila muda ulikwenda, na hilo nitalieleza chini. Ushauri wangu kwa yeyote: nenda na mtu mmoja wa skeli yako mfukoni, msimamishe kwenye kila mlango kabla hujalipa. Mtu wa mita 1.65 anatakiwa awe na milimita 19.

Mwembe umenichukua moyo. Miti inayouzwa tayari ina urefu wa sentimita saba au nane, na yote ina umbo la mpira juu ya kijiti. Mwembe wa Kimamba ulifunika nusu ya uwanja. Wa kwangu una sentimita 16, sawa na mita 14 hivi. Shina ni nyaya nyembamba za shaba kutoka kwenye waya wa umeme uliochunwa, zimesokotwa pamoja chini na kuachanishwa kadiri zinavyopanda, kila tawi likigawanyika kuwa mawili, mawili kuwa manne. Juu ya shaba amepaka gundi ya mbao na unga wa msumeno, tabaka tatu. Majani ni sponji ya godoro iliyosagwa kwenye blenda na kuloweshwa rangi.

Mara ya kwanza kijani kilikuwa kimoja mti mzima. Nikamwambia mwembe hauwi hivyo, mwembe ukichipua majani machanga yanatoka na rangi ya shaba, kisha ndiyo yanakolea. Alinisikiliza, akatoka nje akatafuta mwembe wa jirani akautazama. Aliporudi akanyunyizia sponji nyekundu-kahawia kwenye ncha za upande mmoja tu, ule unaopata jua. Tangu hapo kila mgeni wa pwani anayeingia chumbani huutambua mti huo kabla sijasema neno.

Udongo ni wa kweli. Binamu yangu aliniletea mfuko kutoka Kimamba, nikaukausha jikoni kwenye oveni ili wadudu wafe, nikauchekecha kwa kichujio cha chai. Fundi alipaka gundi ya mbao, akamwaga udongo, akaunyunyizia maji yenye tone la sabuni ili uloe vizuri, kisha akadondosha gundi iliyozimuliwa kwa bomba la sindano, tone kwa tone. Ukifanya hivi bila sabuni, maji yanakaa juu ya vumbi kama shanga na gundi haishuki. Njia za miguu amezitengeneza kwa kubonyeza udongo ukiwa bado mbichi, kwa kidole kilichofungwa nailoni. Nilimwonyesha zinapopita: moja inatoka jukwaani kwenda mwembeni, nyingine inakatiza mshazari kuelekea kota, hakuna aliyewahi kufuata pembe mraba pale. Mahali watu walipokaa, chini ya mwembe, udongo umebanwa na kung'aa kidogo, na hakuna jani hata moja la nyasi.

Kuhusu watu, kampuni ya Preiser ya Ujerumani inatengeneza watu wa 1:87, na ufundi wao ni wa hali ya juu. Mdogo wangu aliniletea wachache. Ni wasafiri wa Ulaya, wana makoti na kofia za baridi. Kijana wa fundi aliwachonga makoti kwa wembe, akawapaka rangi upya, na wanawake akawavisha kanga za karatasi laini ya shashi iliyoloweshwa gundi. Kanga ya milimita 15 haiwezi kuwa na jina, lakini ina pindo, na pindo linatosha. Kati yao kuna mwanamke aliyekaa chini na beseni mbele yake. Sikumwambia kijana yule ni nani. Aliniuliza tu kanga iwe ya rangi gani, nikamwambia nyeusi na nyekundu.

Mbele ya godauni kuna robota 24 za mkonge, kila moja kijiti cha urefu wa sentimita 1.2 kilichovikwa nyuzi za kamba ya katani. Kipande cha reli cha kugonga kipo, kinaning'inia kwenye mjohoro wa kwanza, kimetengenezwa kwa kipande cha reli ya modeli yenyewe kilichobaki nilipokata.

Sasa yaliyoniudhi. Aliniahidi wiki tatu, nikapata kazi wiki ya saba. Wiki mbili zilikwenda kwa kosa la skeli, nyingine kwa umeme na kwa oda ya mwenye viwanja aliyekuja na haraka yake. Mara mbili nilifika bila kupigiwa simu kwamba haipo tayari, na kutoka Tabata hadi Gerezani kwa daladala asubuhi si safari ya kufanya bure. Nilimwambia hivyo, akaomba radhi, na mara ya tatu alipiga.

Kingo za MDF pia zilinisumbua. Ubao huu hunywa unyevu, na chumba changu hakina kiyoyozi. Uso wa godauni alikuwa ameupaka vizuri lakini nyuma na chini aliuacha mkavu. Wiki ya pili nyumbani ukaanza kupinda, mwanga ukapita kati ya godauni na ardhi. Niliurudisha, akapaka vanishi ya kuziba pande zote na kwenye kila ukingo, akaongeza kijiti cha mbao ngumu nyuma. Tangu masika yaliyopita haujasogea. Mdai hilo mwanzoni: kwa hali ya hewa ya Dar, kila upande upakwe, hata usioonekana. Na kama dirisha lako linatazama magharibi kama langu, weka pazia. Kijani cha mijohoro kimeanza kufifia upande huo.

Bei. Nimelipa shilingi 385,000 kwa jumla, advansi nusu, risiti nimepewa. Godauni peke yake 140,000, mwembe 60,000, kilichobaki ni mijohoro, kibanda, robota, watu na kazi ya udongo ambayo aliifanya hapa hapa nyumbani kwa siku mbili. Kwa mstaafu si pesa ndogo. Lakini zile seti mbili za Ulaya, pamoja na usafiri na ushuru, zilinigharimu karibu kiasi hicho hicho, na sasa ziko kwenye boksi juu ya kabati.

Kama unatengeneza stesheni ya SGR kazi yako ni nyingine kabisa. Nilipanda ile treni kwenda Morogoro mwaka 2024, mwaka iliyoanza kubeba abiria, na nilitembea nje ya stesheni makusudi nione kilichoko pembeni: sakafu ngumu, maegesho, taa, kila kitu kimepimwa. Hapo leza ya fundi huyu ingekata siku nzima bila tatizo, na reli ya 16.5 ingekuwa sahihi kwa milimita. Kwa stesheni za Reli ya Kati unahitaji mtu anayejua udongo, au aliye tayari kuuliza. Fundi huyu amezaliwa Temeke na hajawahi kupanda treni ya zamani hata mara moja, lakini aliniuliza maswali ambayo watoto wangu hawajawahi kuniuliza: nani alifagia pale, mbuzi walifungwa wapi, kivuli cha mwembe saa kumi jioni kiliangukia upande gani.

Kivuli hicho tulikipata. Alileta taa ndogo ya meza, tukaisogeza hadi kikaangukia beseni.

Anayetaka kwenda, aende asubuhi kabla ya saa nne, fundi akiwa bado na subira na leza haijawashwa, maana ikiwaka harufu ya mbao inayoungua hujaza chumba na hamsikilizani. Mwenye kifua aombe kuzungumzia nje. Mimi narudi Jumanne. Upande wa kulia wa stesheni kuna sentimita 40 za kota, nimeshaacha advansi ya elfu hamsini, na safari hii 1:87 ameiandika mwenyewe kwa chaki juu ya mlango wa karakana.